Jasho la Kununua

  Leo nimeamua tuuzungumzie mkanda wa joto: ule wa kufunga tumboni, wa kuchomeka ukutani au wa betri ya kuchaji, unaomtoa mtu jasho mpaka fulana inalowa, kisha muuzaji anamwambia kwamba jasho lile ndilo kitambi chake kinayeyuka.

Nadhani wengi mmeshakutana nao. Ukipita Kariakoo, kipaza sauti kinarudia maneno yale yale kutwa nzima: punguza kitambi, ondoa nyama uzembe, bila mazoezi, bila kujinyima chakula. Ukifungua simu unaukuta tena, safari hii na picha mbili, tumbo la kabla na tumbo la baada. Na upo wa kila namna. Kuna wenye nyaya ndani, unaopasha ngozi moto. Kuna unaopasha huku unatetemeka. Kuna unaosifiwa kwa miale ya infraredi. Kuna usio na umeme kabisa, wa mpira mzito, ambao kazi yake ni kuzuia joto la mwili wako lisitoke. Na kuna suti nzima ya nailoni, anayoivaa kijana alfajiri akakimbia nayo barabarani huku maji yanamchuruzika mikononi.

Mimi sisemi kwamba vifaa hivi havina kazi. Kazi vinayo, na tutafika huko. Ninachosema ni kwamba kazi yake si ile iliyoandikwa kwenye boksi.

Tuanze na jasho lenyewe. Mwili wa binadamu umejipangia kukaa kwenye nyuzi 37 hivi za Selisiasi, na haupendi kuvuka hapo. Joto likizidi, ubongo unatoa amri mbili. Ya kwanza, damu isogee karibu na ngozi ipate kupoa. Ya pili, tezi za jasho, ambazo kila mmoja wetu anazo kwa mamilioni, zimwage maji juu ya ngozi. Maji yale yakikauka yanaondoka na joto. Hiyo ndiyo kazi ya jasho, kupooza mwili. Ndani yake mna maji na chumvi kidogo. Mafuta ya kitambi hayamo.

Lakini mizani haijui kutofautisha. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Ukitokwa na jasho la nusu lita, mizani itaonyesha umepungua nusu kilo, na haitakuwa imesema uongo: kweli umepungua nusu kilo, ya maji. Jioni ukinywa maji ya kutosha, ile nusu kilo inarudi, kwa sababu damu inaihitaji na figo zinaihitaji. Hapo ndipo biashara yote ilipojificha. Muuzaji anakupima, anakufunga mkanda, anakupima tena, na watu wanashuhudia. Hajaichezea mizani hata kidogo. Amenyamaza tu kuhusu kesho asubuhi.

Utaniuliza: basi mafuta yakiondoka mwilini, yanapitia wapi? Swali zuri, na liliwahi kuwashinda hata wataalamu. Desemba 2014 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, Ruben Meerman na Andrew Brown, waliandika kulihusu katika jarida la madaktari la Uingereza, BMJ. Waliwauliza madaktari, wataalamu wa lishe na walimu wa mazoezi, jumla yao 150, na wengi walijibu kwamba mafuta hugeuka kuwa nguvu au joto yakaisha. Watafiti wakapiga hesabu ya kemia mpaka mwisho. Ukipoteza kilo 10 za mafuta, kilo 8.4 zinatoka kwa pumzi, zikiwa hewa ya ukaa. Zinazobaki, kilo 1.6, zinageuka maji, yanayotoka kwa mkojo, jasho na njia nyingine.

Kwa hiyo mlango mkubwa wa mafuta ni pua na mdomo. Usianze sasa kuhema haraka haraka ukiwa umeketi kwenye kochi. Utapata kizunguzungu bure. Mafuta hayageuki hewa mpaka misuli iyaombe, na misuli haiombi mpaka ipewe kazi, au mpaka chakula kinachoingia kiwe pungufu ya kinachotumika. Jasho la mtu anayelima ni dalili kwamba misuli imefanya kazi ikazalisha joto. Jasho la mkanda ni dalili kwamba mkanda una moto.

Sasa nisije nikaonekana nimeficha upande wa pili. Joto lenyewe, bila mazoezi, halichomi chochote? Linachoma kidogo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, walilipima jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 2017. Waliwaweka wanaume ndani ya maji ya nyuzi 40 kwa saa nzima mpaka joto la ndani ya mwili likapanda, wakakuta wametumia takriban kalori 140, sawa na kutembea kwa miguu nusu saa. Magazeti yalishangilia kwamba sasa mtu anaweza kupungua akiwa amelala bafuni.

Haya, tupige hesabu pamoja. Kilo moja ya mafuta ya mwili imebeba kalori 7,700 hivi. Kwa kalori 140 kwa saa, utahitaji kukaa ndani ya maji ya moto saa 55 ili kilo moja itoke. Na hao walizama mwili karibu mzima. Wewe umefunga kipande cha kitambaa kiunoni. Joto la mkanda likigusa ngozi, damu inayopita pale inalichukua na kulisambaza mwili mzima, ndiyo maana unatokwa na jasho hata usoni. Halibaki pale likipika mafuta. Halafu ukitoka hapo ukaagiza chapati moja ya kusukuma na chai ya maziwa, umeshazila zile kalori 140 na ukapitiliza.

Kuna jambo jingine la kuchekesha. Mwaka 2009 jarida la tiba la Marekani, New England Journal of Medicine, lilichapisha tafiti tatu kwa pamoja zilizoonyesha kwamba watu wazima, na si watoto wachanga peke yao, wana aina ya mafuta ya rangi ya kahawia ambayo kazi yake ni kuchoma nishati ili mwili upate joto. Na mafuta hayo huamshwa na nini? Na baridi. Mwili unapopoa ndipo unapowasha moto wake wa ndani. Ukiupelekea moto kutoka nje, unauambia hakuna haja. Kwa mantiki hiyo, anayetaka kuuza kifaa cha kupunguza mwili alipaswa kuuza mkanda wa barafu, ingawa nao sishauri uununue.

Tuje kwenye ahadi ya pili ya muuzaji: kwamba mkanda unapunguza pale pale unapofungwa. Hii inavutia, kwa sababu hakuna anayetaka kupungua mashavu. Watu wanataka tumbo liondoke na mengine yabaki. Mwaka 1971 watafiti wa Marekani waliwapima wacheza tenisi. Mcheza tenisi hutumia mkono mmoja kwa miaka mingi, kwa hiyo misuli ya mkono ule inakuwa mikubwa kuliko wa pili. Kama kufanyisha sehemu kazi kunaondoa mafuta ya sehemu hiyo, mkono wa raketi ungekuwa na mafuta membamba chini ya ngozi. Walipopima, mafuta ya mikono yote miwili yalikuwa sawa. Mwili huchota akiba yake kwa utaratibu wake, kutokana na maumbile, jinsia na umri, wala hauulizi umefunga nini wapi. Tena kitambi hasa, kile kigumu kinachotangulia mbele, sehemu yake kubwa iko ndani, nyuma ya misuli ya tumbo, kimezunguka utumbo na ini. Joto la mkanda linaishia kwenye ngozi na tabaka la chini yake kidogo.

Basi kwa nini tunaamini? Sitaki kusema watu ni wajinga, maana si kweli. Naona sababu mbili, na zote zinatoka kwetu wenyewe.

Ya kwanza ni heshima tuliyonayo kwa jasho. Tumelelewa tukiambiwa mchumia juani hulia kivulini. Kwetu jasho ni ushahidi kwamba mtu amehangaika, kwa hiyo kuna malipo yanakuja. Mkanda unachukua imani hiyo njema na kuigeuza: unakupa ushahidi pasipo kuhangaika. Umeketi, unatazama tamthilia, jasho linakutoka, na moyoni unajisikia kama umetoka shamba.

Ya pili ni ya kina mama zaidi, nayo ina mizizi mirefu. Huku kwetu mwanamke akijifungua, bibi au mama mkwe anakuja na ndoo ya maji ya moto na taulo. Mzazi anakandwa tumbo, anafungwa kanga barabara, anapewa uji wenye pilipili manga, na shughuli inaendelea mpaka arobaini. Siku ya arobaini tumbo limerudi, na kila mtu anasema ni maji ya moto na kanga. Wakunga wataeleza kwamba mfuko wa uzazi husinyaa wenyewe na kukaribia ukubwa wake wa awali kwa muda wa wiki sita hivi. Wiki sita ni siku 42. Yaani kazi ya maumbile na desturi ya arobaini vinamalizika karibu siku moja, na sifa zinakwenda kwa ndoo.

Siwadharau mabibi zetu. Kukandwa kule kuna mengine mazuri: mzazi anapumzishwa, anahudumiwa, anapata mtu wa kumshika mkono. Ila maji yakiwa ya moto mno yanaunguza, na mzazi aliyejifungua kwa upasuaji hapaswi kukandwa kidonda. Ninachotaka uone ni hiki: mtu aliyekulia katika nyumba ambayo joto na kufunga tumbo vilionekana vikifanya kazi kwa macho, akiletewa mkanda unaofanya yote mawili kwa pamoja, atashawishika haraka. Muuzaji amekuta shamba limeshalimwa.

Wala si sisi peke yetu. Mwaka 1891 daktari mmoja wa Marekani, John Harvey Kellogg, wa mji wa Battle Creek jimboni Michigan, alitengeneza kabati lililojaa taa za umeme. Mgonjwa anaketi ndani akitokwa na jasho, kichwa kikiwa nje. Makabati ya aina hiyo yakasambaa kwenye nyumba za matajiri na mahoteli, na hata meli ya Titanic iliposafiri mwaka 1912 ilikuwa na chumba chenye kifaa hicho kwa ajili ya abiria wa daraja la kwanza. Matangazo ya nguo za mpira za kupunguza mwili nayo yalikuwa ya kawaida huko Marekani mwanzoni mwa karne ya 20. Kilichobadilika ni betri.

Sasa tuje kwenye kazi halali ya joto, maana nimeahidi. Joto la kufunga mwilini linasaidia maumivu. Mwaka 2006 wataalamu wa Cochrane, wanaokusanya na kuchambua tafiti za tiba, walihitimisha kwamba mikanda ya joto inapunguza kwa kiasi, na kwa muda mfupi, maumivu ya kiuno na mgongo yaliyoanza karibuni. Mwaka 2001 utafiti mwingine ulionyesha kwamba bandiko la joto la nyuzi 39 hivi tumboni liliwapunguzia wanawake maumivu ya hedhi sawasawa na vidonge vya ibuprofeni. Hilo si jambo dogo. Dada anayejikunja kila mwezi, au kaka aliyebeba magunia akashikwa kiuno, ana sababu ya kweli ya kumiliki mkanda wa joto.

Wako pia watakaonitajia Wafini na vyumba vyao vya mvuke, sauna. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uliowafuatilia wanaume 2,315 wa eneo la Kuopio, mashariki mwa Ufini, kwa takriban miaka 20. Walioingia sauna mara nne hadi saba kwa wiki walikuwa na vifo vichache vya ghafla vya moyo kuliko walioingia mara moja. Habari njema kwa Wafini. Lakini ule ulikuwa utafiti wa kufuatilia watu na mazoea yao, haukuthibitisha kwamba sauna ndiyo iliyowaokoa. Tena ulihusu moyo, haukuhusu kitambi, na sauna ni chumba chenye joto la nyuzi 80 hivi, si kitambaa cha kiunoni.

Upande wa hatari nausema polepole, ili aliye jikoni naye asogee.

Kati ya Novemba 7 na Desemba 9, 1997, wanamieleka watatu wa vyuo nchini Marekani, katika majimbo ya North Carolina, Wisconsin na Michigan, walikufa wakijaribu kupunguza uzito haraka kabla ya mashindano. Wote walikuwa vijana wenye afya. Walivaa mavazi yasiyopitisha mvuke, wakafanya mazoezi makali mahali pa joto, huku wakijinyima maji. Januari iliyofuata chama cha michezo ya vyuo kilipiga marufuku suti za mpira na vyumba vya joto kwa wanamieleka wanaopunguza uzito. Nawakumbusha hili mabondia wetu, na kijana yule wa suti ya nailoni. Jasho linapooza pale tu linapokauka. Likizibwa na plastiki halikauki, kwa hiyo unapoteza maji na joto linabaki. Na kwa wanaoishi Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja, ambako hewa yenyewe imejaa unyevu, jasho linakauka kwa taabu hata ukiwa kifua wazi. Mtu akichanganyikiwa maneno, akatapika, akapepesuka au akaanguka katika hali hiyo, mvue, mmwagie maji, mpepee, mwahishe hospitali.

Wenye kisukari, nisikilizeni kwa makini. Sukari ya muda mrefu inaharibu mishipa ya fahamu, ngozi inakuwa na ganzi. Mkanda unaweza kukuunguza na usihisi. Na si lazima uwe moto wa kutisha: nyuzi 44 tu, zikikaa juu ya ngozi kwa takriban saa sita, zinaunguza. Ndiyo maana hakuna mtu anayepaswa kulala na mkanda umewashwa. Wenye presha, ugonjwa wa moyo au figo, muulizeni daktari kwanza, kwa sababu joto linatanua mishipa ya damu na jasho linapunguza maji. Mama mjamzito, hasa mwenye mimba changa, aache kabisa kupasha tumbo. Na anayeona ngozi yake imeanza madoa ya kahawia yenye umbo la wavu, ajue hayo yanatokana na joto la kurudiarudia. Aache.

Kama umeshaununua, usiutupe. Utumie kwa mgongo au tumbo la hedhi, joto la chini, dakika 15 hadi 20, juu ya nguo, ngozi ikiwa kavu, kisha utoe.

Na kitambi je? Chukua futi ya fundi cherehani, uizungushe kiunoni juu ya kitovu kidogo, ukiwa umetoa pumzi. Mwanamke akizidi sentimita 80, mwanaume akizidi 94, hatari ya kisukari na moyo inaanza kupanda. Kipimo hicho kina maana kuliko mizani, kwa sababu maji hayakidanganyi sana. Cha kufanya unakijua: Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima atembee kwa haraka au afanye shughuli ya kiasi hicho dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Anza na soda. Nusu lita ya soda yenye sukari ina kalori 200 hivi. Kuiacha kila siku ni zaidi ya saa nzima ya wale waliokaa kwenye maji ya moto, tena hulipii umeme.

La mwisho linatuhusu sisi wenye vipaza sauti. Mwaka 2003 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia haki katika biashara iliviandalia vyombo vya habari mwongozo wenye orodha ya madai ya kupunguza uzito ambayo mhariri akiyaona ajue ni uongo. Mojawapo lilikuwa hili: kwamba mtu atapungua sana kwa kuvaa kitu mwilini au kujipaka kitu. Hawakumlenga muuzaji peke yake, walimlenga anayerusha tangazo. Huku kwetu kifaa kinachodai kutibu ni suala la mamlaka za dawa na vifaa tiba, lakini kabla hakijafika huko kimeshapita studio. Tangazo la mkanda linalipa, najua. Hata hivyo mwenye redio anaweza kumwambia mteja wake: tangaza kwamba unapoza maumivu ya mgongo, tutalisoma, ukitaka tuseme unayeyusha kitambi, tafuta kwingine. Nami naanza kuliomba hilo hapa hapa kituoni.

Wewe msikilizaji, ukikutana na muuzaji anayekupima mbele za watu, mwache akufunge, akupime, afurahi. Kisha mwambie utarudi kesho asubuhi, ukiwa umekunywa maji na kula kama kawaida, upande mizani ile ile ndipo umlipe. Akikubali, nipigie simu nije nimuone.